Mahindi kabla ya harambee

Ndugu wajumbe wa kamati za usimamizi, walimu wakuu, wazazi, hamjambo.

Shule zetu nyingi hapa Uganda huitisha harambee muhula ukishaanza, ghala tupu, bei ya mahindi imeshapanda. Pesa za siku hiyo hununua kwa bei ya juu mahindi yale yale aliyoyauza mzazi kwa bei ya kutupa miezi michache nyuma. Huku kwenye misimu miwili ya mavuno kwa mwaka, mchango wa chakula ukusanywe Julai na Agosti kwa muhula wa tatu, kisha Desemba na Januari kwa wa kwanza. Muhula wa pili ndio wenye tabu, maana huanguka kabla ya mavuno. Akiba yake iwekwe Januari. Karamoja, kule kaskazini mashariki penye msimu mmoja, kalenda hii haifai.

Tupige hesabu. Mtoto hula posho (ng'ambo ya mpaka wanaiita ugali) ya gramu 150 za unga kwa siku. Kwa siku 65 za masomo ni karibu kilo 10. Mkisaga dona, mwombe mzazi kilo 12 za mahindi na 2 za maharage. Mkitaka unga mweupe wa namba moja, ombeni kilo 16, kwa kuwa theluthi hivi hutoka pumba. Pumba msiziachie mashine. Wafugaji wa nguruwe watazinunua. Shule ya watoto 400 inayokula dona inahitaji tani 4.8 za mahindi kwa muhula.

Mambo huharibika mlangoni mwa ghala. Debe la kilima (lililojazwa mpaka likapita mdomo) na debe la kufutwa (lililosawazishwa mdomoni) si sawa, na ugomvi huanzia hapo: tumieni mizani, mzazi apewe risiti ya kilo. Kisha unyevu. Tieni konzi ya mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, mtikise, msubiri dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, yarudi kuanikwa. Isipoganda, bado yaanikeni siku moja zaidi, kwa sababu ghala linataka asilimia 13.5 au chini. Msione haya kumrudisha mtu. Kilo chache mbichi huotesha kuvu gunia zima, na sumukuvu haiondoki kwa kupikwa. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta.

Kuhusu sheria: shule ya UPE (mpango wa serikali wa elimu ya msingi kwa wote) haitozi ada, ila Sheria ya Elimu ya 2008 imemwachia mzazi jukumu la chakula. Kiasi kiamuliwe na mkutano wa wazazi, muhtasari uandikwe, na asiyeweza asimwone mwanawe akitolewa darasani. Anaweza kuleta kuni, au kuja kuanika.

Harambee ibaki kwa kitu kimoja kinachoonekana: tangi la maji, au jiko banifu, kwa sababu kuni nazo zinakula bajeti vibaya. Mahema, viti na soda visizidi sehemu ya kumi ya lengo. Ahadi ndizo ugonjwa wake. Kila ahadi iandikwe jina, kiasi na tarehe, mjumbe mmoja apewe kazi ya kuifuatilia, na pesa za simu ziingie moja kwa moja akaunti ya shule, kamwe si namba ya mwalimu mkuu, hata akiwa mwaminifu vipi.