Picha ya Zamani Iko Wapi?

Wenzangu matabibu, tazameni picha hii ya kifua. Pafu la kulia, chini, kuna doa la mviringo lenye kingo laini. Mwenye picha ana miaka 58, hakohoi wala hajakonda. Alipigwa eksirei akiandaliwa kwa upasuaji wa ngiri. Najua mnataka kuniuliza kama ni saratani. Mimi nauliza kwanza: picha yake ya zamani iko wapi?

Mnacheka. Lakini kivimbe kigumu kisichobadilika ukubwa kwa miaka 2, mara nyingi si saratani. Na sisi ndio tunaomwambia mgonjwa picha ile haina kazi tena!

Kivimbe cha mgonjwa huyu kilikuwa hamatoma, uvimbe usio wa saratani unaoongoza kwenye mapafu, ingawa kwa jumla ni nadra. Jina alilibuni Mjerumani Eugen Albrecht mwaka 1904, akichukua neno la Kigiriki la kukosea, maana ndani yake unakuta gegedu, mafuta na tishu nyingine zimechanganyika ovyo. Chokaa ikijikusanya kwenye gegedu, picha huonyesha kitu kama bisi. Watunga mitihani wanaipenda sana bisi hiyo. Kumbe hamatoma nyingi hazina. Mimi natafuta mafuta: kwenye CT skani ya mikato myembamba husoma kati ya -40 na -120 kwa kipimo cha Hounsfield, kinachoonyesha uzito wa tishu kwenye CT. Ila muulizeni mgonjwa kama aliwahi kuugua saratani ya tishu za mafuta, kwani nayo huweza kusambaa hadi kwenye pafu.

Kwetu huku doa la pafu huitwa TB kabla halijachunguzwa. Si ajabu, kivimbe cha TB nacho ni mviringo, nacho hujaa chokaa, na makohozi yanaweza kutoka safi. Nimeona mtu aliyemeza dawa miezi 6, doa likabaki vilevile, kisha akaambiwa kwamba TB yake ni sugu. Ilikuwa hamatoma.

Kinachonisumbua zaidi ni niumositoma, uvimbe mwingine wa pafu usio wa saratani, unaowapata hasa wanawake wa umri wa kati. Una seli za aina mbili, zinazofunika uso wake na za duara zilizo ndani. Sindano nyembamba ikichota za aina moja tu, hata mwanapatholojia mzoefu anaweza kuandika saratani. Haya, zimeni taa niwaonyeshe vipande vya tishu vyenyewe.