Furaha Hutujia, Ridhaa Huitoa Mwenyewe

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wote mliofika jioni hii, wabeja sana kwa kunipokea.

Nilipoombwa nizungumze juu ya furaha na tofauti yake na kuridhika, niliona si vema nianze na vitabu. Nilikwenda mwalo wa Igombe, kando ya Ziwa Victoria kule Mwanza, alfajiri, mitumbwi ya dagaa inaporudi, ili niwasikie watu wa kazi wanavyoyatumia maneno hayo mawili. Zilikuwa siku za giza, ambazo anga haina mbalamwezi na taa za wavuvi huwavuta dagaa vizuri, na usiku huo walikuwa wamepata. Kijana mmoja alikuwa akishusha ndoo huku akiimba. Nilipomuuliza kama ana furaha, alijibu: "Furaha ninayo, mzee, si unaona tulivyopata? Ila kuridhika bado. Mtumbwi wenyewe si wangu." Hatua chache kutoka pale, mama mmoja mtu mzima alikuwa akitandaza dagaa kwenye kichanja. Naye nikamuuliza swali lile lile. "Furaha sina kwa sasa, mwanangu," alisema bila kuacha kazi. "Dada yangu tumemzika juzi. Lakini maisha yangu mimi nimeridhika nayo."

Tangu siku ile sijaachana na majibu hayo mawili. Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba kuridhika ni furaha iliyopoa, furaha ya watu wazima waliochoka kukimbia. Kama ndivyo, yule mama aliyefiwa asingeweza kuwa nako, na yule kijana aliyekuwa akiimba asingeweza kukikosa kitu kidogo ilhali kikubwa anacho.

Tusikilize lugha yetu wenyewe. Furaha tunaisemea kama mgeni anayeingia: imenijia, imenijaa, nimejawa nayo. Mtu ni chombo, nayo humiminwa ndani yake kwa habari njema, kwa mtoto aliyefaulu mtihani, kwa wavu mzito. Neno kuridhika lina ukoo mwingine kabisa. Ndugu zake ni kuridhia, ridhaa na radhi. Bunge huridhia mkataba. Mgonjwa hutia saini ridhaa kabla ya kupasuliwa. Mzazi humpa mwanawe radhi. Na mtu akikukanyaga katika daladala huomba umwie radhi. Katika mambo hayo yote yupo mtu mwenye uwezo wa kukataa, naye hakukataa. Kwa hiyo anayesema ameridhika na maisha yake hatuelezi jinsi moyo wake unavyojisikia asubuhi hiyo; anatueleza kwamba ameyatazama maisha yake yalivyo, pamoja na misiba iliyomo, na ameyaridhia kuwa yake.

Hata wanaopima furaha ya mataifa wamekutana na tofauti hii. Ripoti ya Furaha Duniani, iliyoanza kutolewa mwaka 2012, hupanga nchi kwa swali la ngazi lililotokana na kazi ya Hadley Cantril, mwanasaikolojia wa Marekani. Mtu huambiwa afikirie ngazi yenye vidato kuanzia 0 hadi 10, kile cha juu kabisa kikiwa ni maisha bora kuliko yote anayoweza kuwa nayo, kisha aseme amesimama kidato kipi. Ufini imeongoza kila mwaka kuanzia 2018 hadi 2025. Lakini litazameni swali lenyewe: halimuulizi mtu kama jana alicheka, bali linamtaka ayapime maisha yake na kuyatolea uamuzi. Maswali ya kicheko na burudani ya siku iliyopita huulizwa kando, na huko nchi kadhaa za Amerika ya Kusini na ya Kati hupanda juu kuliko zinavyosimama kwenye ngazi. Magazeti yanapoandika kwamba Wafini ndio wenye furaha kuliko watu wote, naona yanaliita jambo moja kwa jina la jingine.

Furaha ya kupata, tena, haikai. Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake wawili walichapisha uchunguzi wao juu ya washindi 22 wa bahati nasibu ya jimbo la Illinois. Ni watu wachache, wala hatupaswi kujenga nyumba nzima juu yao. Hata hivyo washindi hao hawakuonekana kuwa na furaha ya kuwazidi wazi wenzao wasioshinda, na mambo madogo ya kila siku, kama kuzungumza na rafiki au kupata kifungua kinywa, yaliwafurahisha kidogo kuliko wenzao hao.

Sasa nina jambo linaloniuma, nalo siwezi kuondoka bila kulisema. Katika jamii yetu neno "ridhika" mara nyingi huelekezwa kwa mtu mwingine, na karibu kila mara kwa mtu wa chini. Binti aliyekatishwa masomo huambiwa aridhike na alichojaliwa. Mchuuzi anayepunjwa kwenye mizani huambiwa mtaka yote hukosa yote. Ndugu zangu, ridhaa iliyokamuliwa si ridhaa. Saini ya kulazimishwa hubatilisha hati. Tukimwamuru mtu aridhike, tunamnyang'anya kitu kile kile tunachodai kumfundisha. Yule mama wa Igombe, baada ya kuniambia kwamba ameridhika, alinieleza papo hapo kuwa bei wanayompa walanguzi si ya haki na kwamba safari hii hataikubali. Sikuona mgongano wowote katika maneno yake. Maisha ameyaridhia, bei hajairidhia.

Wakristo mliopo hapa mtakumbuka kwamba katika sura ya nne ya Waraka kwa Wafilipi, Paulo akiwa kifungoni anawahimiza wenzake wafurahi, na aya chache baadaye anasema kwamba amejifunza kuwa radhi na hali yoyote aliyo nayo. Furaha anaihimiza, lakini radhi anasema amejifunza. Waislamu nao wanaijua hadithi ya Mtume kwamba utajiri si wingi wa mali bali ni utajiri wa nafsi. Kujifunza huko huchukua miaka, na nadhani ndiyo sababu yule mama alikuwa nako na yule kijana bado.

Nilirudi Igombe mchana mmoja katika siku za mbalamwezi, ambazo dagaa hawavutwi na taa. Mitumbwi ilikuwa imevutwa nchi kavu, na kijana wangu alikuwa amekaa kivulini akishona nyavu, safari hii kimya. Alinitajia kiasi alichokwisha kuweka akiba kwa ajili ya mtumbwi wake mwenyewe, kisha akasema: "Nikiupata, mzee, njoo uniulize tena." Nimemuahidi kwamba nitakwenda. Sasa naomba nisikie maswali yenu.