Hoja za Mabadiliko Zitoke Kinywani mwa Mteja

Wanasihi wenzangu, asanteni kwa kuja, na asanteni kwa kukaa karibu karibu, maana baadaye nitawaomba mgeukiane.

Nianze na methali ambayo nimeisikia katika vyumba vyetu vya kazi mara nyingi kuliko ninavyopenda: sikio la kufa halisikii dawa. Huwa inasemwa mlango ukishafungwa na mteja akishaondoka. Tumemweleza pombe inavyoharibu ini, tumemwonyesha majibu ya maabara, tumemkumbusha watoto wake, naye mwezi unaofuata anarudi vilevile. Basi tunasema sikio lake limekufa. Leo naomba tuliache sikio lake kidogo, tuuangalie mdomo wetu.

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii nilimpokea mwanamume mmoja aliyekuwa ameacha kumeza vidonge vya shinikizo la damu. Nilimweleza habari za kiharusi, za figo, za moyo. Kila nilipotua kuvuta pumzi aliitikia, "Ndiyo, dada." Nikaandika kwenye faili kwamba mteja ameelewa. Hakurudi tena. Ilinichukua muda kutambua kwamba katika kikao kizima sikumwuliza swali hata moja ambalo sikuwa nimeshajipa jibu lake. Sikujua kwa nini aliacha vidonge. Mpaka leo sijui, na jambo hilo linanisumbua bado.

Nilichokifanya siku ile kina jina katika fani yetu. Naweza kukiita mwitiko wa kunyoosha: ukiona kilichopinda, mkono unakwenda wenyewe kukinyoosha. Chanzo chake si ubaya. Waliochagua kazi hii wamejaa huruma, na mwenye huruma akimwona mtu anaelekea shimoni hupiga kelele. Tatizo ni kwamba mteja wetu halioni shimo kwa mara ya kwanza. Analijua kuliko sisi. Mvutaji sigara hahitaji kuambiwa habari za mapafu. Ndani yake kuna wawili wanaobishana tangu zamani, mmoja anataka kuacha, mwingine anataka kuendelea, na wote wawili wana sababu. "Najua pombe inaniumiza, lakini ndiyo inayonipa usingizi." Yule fisi wa methali aliyeshindwa na njia mbili hakuwa mjinga, kila njia ilikuwa na harufu yake.

Sasa angalia kinachotokea mimi ninapoingia na mawaidha. Nimechukua upande wa kuacha. Upande gani umebaki kwake? Ule wa kuendelea. Atautetea, kwa sababu hakuna mwingine wa kuutetea. Na kila anapoutetea anajisikia mwenyewe akisema, akazidi kuuamini. Daryl Bem, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza katika miaka ya 1960 na 1970 kwamba mara nyingi mtu hujua anachoamini kwa kujitazama anachotenda na kujisikiliza anachosema, kama vile anavyomtazama mtu mwingine. Maana yake kwetu ni nzito. Kikao ambacho mteja ametoa sababu kumi za kutobadilika kimemfundisha kutobadilika, na mwalimu wake ni sisi.

Njia ninayowaletea wengi huiita mahojiano ya kuhamasisha. Mimi siridhiki na jina hilo, kwa sababu mahojiano yananukia kituo cha polisi na kuhamasisha kunanukia jukwaa la mkutano. Napenda kuiita mazungumzo ya kuamsha nia, maana nia ipo tayari, imelala tu. Historia yake ni fupi na ninaipenda. Mwaka 1982 William Miller, mwanasaikolojia kutoka Chuo Kikuu cha New Mexico, alikuwa ziarani Norway, karibu na mji wa Bergen, akikutana na wanasaikolojia vijana waliokuwa wakiwatibu watu wenye tatizo la pombe. Hawakutosheka na kusikiliza mihadhara. Walijifanya wateja wao wagumu, wakamtaka awaonyeshe anavyofanya, kisha wakawa wanamkatiza: kwa nini umeuliza hilo? Kwa nini umeirudia kauli ile na kuiacha hii? Katika kuwajibu akagundua kwamba alikuwa akifuata kanuni ambazo hajawahi kuziandika. Makala yake ilitoka 1983, na mwaka 1991 yeye na Stephen Rollnick, mwenzake aliyekuwa akifanya kazi Wales, wakatoa kitabu cha kwanza. Yaani njia ya kusikiliza ilizaliwa siku ambayo bingwa alikubali kuulizwa.

Kumbukeni hali ya wakati ule. Huko Marekani wengi waliamini kwamba mlevi ana ukaidi wa asili, anaukana ugonjwa wake, na kazi ya mtaalamu ni kumvunja: kumsuta, kumweka kikaangoni mpaka akiri. Mwaka 1993 Miller na wenzake walichapisha utafiti ambamo walisikiliza vikao vilivyorekodiwa. Kadiri mtaalamu alivyomsuta mteja zaidi, ndivyo mteja alivyokuwa akinywa zaidi mwaka mmoja baadaye. Hebu liwekeni moyoni hilo kabla sijaendelea. Ukaidi tuliokuwa tukimwandikia mteja kwenye faili, sehemu yake tulikuwa tunaupika wenyewe ndani ya chumba.

Tuingie kwenye stadi. Vitabu vinataja nne: maswali yaliyo wazi, kutambua jema alilo nalo mteja, kuakisi, na kufanya muhtasari. Maswali mmefundishwa vya kutosha. Nitaongeza moja tu, mchunge sana "kwa nini". Katika lugha yetu swali hilo hubeba lawama hata ukiliuliza kwa upole. Mtoto aliyevunja kikombe ndiye anayeulizwa kwa nini. "Ilikuwaje" na "nini kilikufanya" hufungua zaidi. Muda wangu nautumia kwenye kuakisi, maana hapo ndipo wengi wetu tumepungukiwa.

Kuakisi ni kumrudishia mteja maana ya alichosema, kwa maneno yako, bila kuuliza. Kiswahili hakina haja ya kupangua maneno ili kuuliza. "Umechoka" na "umechoka?" ni neno lile lile, tofauti yake ni mkia wa sauti. Ukiupandisha, umeuliza, na mteja anaanza kujieleza au kujitetea. Ukiushusha, umemwambia kwamba umemsikia, naye anaendelea pale alipoishia. Ufanyieni mazoezi huo mkia. Ni jambo dogo kiasi cha kuonekana la kipuuzi, lakini nimeona vikao vikibadilika kwa sababu yake.

Niwasomee mfano huu. Nimeutunga kwa ajili ya mafunzo, ila mwendo wake mtautambua. Mteja ameletwa na watu wa nyumbani, hakuja kwa hiari.

"Na wewe, dada, mke wangu ndiye amekutuma?"

"Umechoka kusimamiwa na watu."

"Sana. Kila mtu hakimu. Mimi nafanya kazi, watoto wanakula. Mimi si wa kulala mitaroni."

"Kuitunza familia yako ni jambo ulilolishika."

"Ndilo hasa." Akanyamaza. "Ingawa juzi nilisahau kumchukua mtoto shuleni."

"Limekugusa hilo."

"Limeniuma. Nilimkuta getini peke yake, wenzake wote wameondoka."

"Hutaki akungoje namna ile tena."

"Sitaki. Kwa kweli sitaki."

Tazameni: mnasihi hajataja pombe. Nani amemleta mtoto kikaoni? Baba yake. Na lile neno "ingawa" ndilo mlango. Mnasihi mwenye haraka angelirukia: "Unaona sasa! Ndiyo maana mkeo analalamika." Mlango ungefungwa papo hapo. Mtaniambia kwamba ile kauli kuhusu familia ilikuwa sifa ya bure kwa mtu anayelewa. Hapana. Ilikuwa kweli, na mtu anayetambuliwa kwa jema lake hupata nguvu ya kulitazama kosa lake bila kuumbuka.

Kuna mnachopaswa kukitegea sikio, nacho ni kauli za mabadiliko, yaani maneno ya mteja mwenyewe yanayoelekea upande wa kubadilika. Hapa sarufi yetu inatusaidia kwa namna ya ajabu. Sikilizeni viambishi. "Ningependa kupunguza", "ningeweza kama si marafiki": hiyo -nge- ni ya mtu anayetamani lakini bado yuko ng'ambo ya mto. "Sina budi", "watoto wananihitaji": ametaja haja na sababu. "Nitaanza Jumatatu", "niko tayari": ameingia majini. "Nimeshampa mwenzangu pesa anitunzie, nisipite baa": huyu ameshavuka nusu. Mwaka 2003 Paul Amrhein na wenzake walipima lugha ya watu waliokuwa wakitumia dawa za kulevya, wakaona kwamba nguvu ya kauli za kuazimia, hasa inavyoongezeka kuelekea mwisho wa kikao, ndiyo iliyoashiria nani ataacha.

Ila msijaribu kumvuta mtu kwa kamba kutoka -nge- kwenda -ta-. Mtapata "nitajitahidi". Mnaijua "nitajitahidi" hiyo. Ni neno la adabu, mtu analitoa ili aruhusiwe kwenda nyumbani. Aliye kwenye -nge- mkalishe hapo hapo: "Ungependa kupunguza. Ukipunguza, nyumbani kutakuwaje?" Mabadiliko atayajenga mwenyewe.

Chombo kimoja chepesi ni kipimo cha sifuri hadi 10. "Kuacha sigara kuna umuhimu kiasi gani kwako?" Akisema 4, ulimi unawasha kuuliza mbona si 9. Usiulize hivyo, maana atakujibu kwa sababu zote za kuvuta. Uliza: "Umesema 4, hukusema 1. Nini kimekufikisha kwenye 4?" Hapo atakutajia kikohozi, gharama, harufu ya nguo, binti yake anayekwepa kumkumbatia. Hoja zote ni zake.

Mtauliza, je, tusitoe maelezo kabisa? Tutoe. Mteja ana haki ya kujua kwamba akiacha dawa fulani ghafla anaweza kudhurika. Lakini tubishe hodi kwanza: "Unafahamu nini kuhusu hili?" Kisha, "Unaniruhusu niongeze jambo?" Toa kidogo, halafu uliza, "Wewe unalionaje?" Na pale palipo na hatari ya maisha saa hiyo hiyo, tenda. Mtu anayetaka kujidhuru usiku huu analindwa kwanza, mazungumzo ya namna hii yatakuja baadaye. Vilevile aliyekwisha kuamua msimrudishe kwenye kutafuta sababu; mtamchosha. Kaeni naye mpange lini, wapi, na nani.

Swali jingine ninaloulizwa kila mara, nami naliheshimu, ni kama hii si hila ya kumfanya mtu atake tunachotaka sisi. Inaweza kuwa hila. Ukiitumia kuuza kitu, ni hila. Wenye njia hii wanasisitiza kwamba ni kwa ajili ya heri ya mteja, na kwamba kuna maamuzi ambayo mnasihi hana haki ya kuyaelemea upande wowote: kuzaa au kutozaa, kumtolea ndugu figo. Hapo tunamsaidia mtu kuzitazama pande zote kwa uzito sawa, basi. Nami naongeza kipimo changu: je, kikao kikiisha na mteja akaamua kutobadilika, nitaweza kumpa mkono kwa heshima ile ile niliyompokea nayo? Kama siwezi, nilikuwa namsukuma.

Wakuu wetu wa kazi wanaoogopa kwamba kusikiliza kunakula muda, waelezeni habari za Project MATCH, utafiti mkubwa wa Marekani uliotoa matokeo yake 1997 baada ya kufuatilia watu 1,726 wenye tatizo la pombe. Makundi mawili yalipangiwa vikao 12 vya tiba za aina nyingine. Kundi la tatu lilipangiwa vikao 4 vilivyojengwa juu ya njia hii. Matokeo ya makundi yote matatu yalikaribiana sana.

Na sasa habari isiyofurahisha kwa sisi tuliokusanyika hapa. Miller na wenzake walichunguza pia mafunzo yenyewe, na mwaka 2004 walionyesha kwamba waliohudhuria warsha tu walipanda kidogo kisha wakateremka. Waliodumu ni wale waliorekodiwa, wakasikilizwa, wakaambiwa walivyofanya, wakaelekezwa tena. Kwa hiyo mkitoka hapa na daftari lililojaa, bado. Rekodi kikao kimoja kwa ridhaa ya mteja. Keti na mwenzako unayemwamini, hesabuni: maswali mangapi, kuakisi kungapi. Shabaha njema ni kuakisi mara mbili kwa kila swali moja. Mara yangu ya kwanza kujisikiliza, kuakisi kwangu kulihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na nilimkatiza mteja pale pale alipotaka kulia. Inauma kuisikia sauti yako namna hiyo. Nilirudi nikarekodi tena.

Inatosha maneno yangu. Geukianeni wawili wawili. Aliye kushoto ataeleza jambo moja katika maisha yake ambalo kwa kweli anataka kulibadilisha na bado hajalibadilisha. Lisiwe zito mno, liwe la kweli. Aliye kulia ataakisi tu. Hakuna swali, hakuna ushauri, hakuna "hata mimi yalinikuta". Ukikosa la kusema, nyamaza, mpe nafasi. Dakika 5, saa ninayo mimi. Shusheni mikia ya sauti. Anzeni.