Si kila kitu kinaboreshwa

Jambo yenu, ba mama, ba baba, na ninyi vijana wa redio mliojazana huku mbele. Mmeniomba nizungumzie maneno tunayotumia jambo linapokuwa jema, linaposaidia au linapoleta faida. Nitaanza na neno lililotuchosha: kuboresha. Hapa Lubumbashi barabara zinaboreshwa, afya inaboreshwa, elimu, kilimo, hata mazungumzo yanaboreshwa. Neno lenyewe halina kosa. Shida yake ni kwamba halikuambii kitu kilikuwaje jana, wala kimefanywa nini leo.

Mtazameni mgonjwa. Malaria imemlaza wiki nzima, leo ameomba bukari, ugali wetu, na samaki. Nani nyumbani atasema "afya yake imeboreka"? Tunasema amepata nafuu: homa imeshuka, ila kitandani bado yumo. Akisimama akarudi kazini, amepona. Mashavu yakijaa na ngozi ikang'aa, amenawiri. Mtangazaji akitupa "hali yake imeboreka" hewani, ndugu walioko Kolwezi hawajui wapande basi au watulie. Na ile nafuu ikienda sokoni haibadiliki tabia. Bei nafuu si bei ya kufurahia, ni bei inayokuacha upumue.

Sasa twende shambani, maana huko ndiko maneno haya yana nyama. Kila aliyetoka mjini kwa njia ya Kipushi au ya Likasi ameviona vichuguu vyetu, vingine vinaipita nyumba kwa urefu. Ni kazi ya mchwa, na ya miaka mingi sana. Udongo wetu wa Katanga kwa kawaida ni mwekundu, una asidi, mvua zimeshausafisha rutuba yake. Wa kichuguu ni mwingine kabisa: una mfinyanzi mwingi, na katika vile vikubwa mna chokaa inayopunguza ile asidi. Ndiyo maana wakulima hukivunja kichuguu wakautawanya udongo wake shambani. Hapo wamerutubisha. Mahindi yakitoka na majani mapana ya kijani iliyokolea, yamestawi. Gunia likiuzwa na ada ya shule ikalipwa, mkulima amenufaika. Jaribuni kuyahamisha maneno hayo muone yatakavyogoma: udongo haunufaiki, na mkulima harutubishwi, labda umzike.

(Samahani, mama, nimeona umeguna.)

Kichuguu hichohicho hutoa matofali. Nyumba ngapi za mji huu zimesimama kwa udongo wa mchwa! Hapo hakuna kilichorutubishwa. Tunasema tu udongo wake unafaa. Mimi nalipenda neno hili dogo kuliko yote, kwa sababu halikubali kukaa peke yake. Ukisema kitu kinafaa, msikilizaji atakuuliza: kinafaa nini? Kinamfaa nani? Wazee waliposema "akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki" wangeweza kusema akusaidiaye, wakakataa. Anayekusaidia anaweza kukuletea blanketi wakati wewe unatafuta dawa; amesaidia, hakukufaa.

Faida nayo muiangalie. Muuza makala, yaani makaa, wa mtaa wa Katuba hawezi kuichanganya: ni kile kinachobaki mkononi baada ya kutoa mtaji na pesa ya gari. Sisi wa vipaza sauti ndio tunaosema mkutano ulikuwa na faida kubwa, bila kueleza kilichobaki ni nini.

Nimalizie na ninyi mnaoandika ripoti za miradi. Siku hizi naona "wanufaika" wameandikwa kwenye ukurasa wa kwanza, na idadi yao, wakati bomba lenyewe halijatoa hata ndoo moja ya maji. Wamenufaika na nini? Waiteni walengwa. Maji yakitoka, yakanyweka, yakaendelea kutoka hata kiangazi, wakati huo badilisheni neno.

Haya, nimeona mikono. Tuanze na yule baba wa nyuma.