Puli Nyepesi za Injini: Unachopata na Unachokitoa

Ndugu zangu, karibuni. Hapa mezani kuna puli mbili, yaani magurudumu ya kuzungushia mkanda, zote za kufungwa mbele ya kranki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, na zote ni za injini moja ya silinda nne. Hii nyeusi ndiyo iliyotoka na gari kiwandani. Uzito wake ni kilo 2.5. Hii inayong'aa ni ya alumini, imechongwa kwenye kipande kimoja, na ina gramu 700. Naomba zipite mkono kwa mkono, kila mmoja azishike. Ukizishika utaelewa mara moja kwa nini mtu anayependa gari lake anaitamani hii nyepesi.

Sasa tujiulize: ukiondoa karibu kilo mbili kwenye ncha ya kranki, gari linapata nini, na linatoa nini ili kukipata?

Kila kinachozunguka ndani ya injini hula nguvu pale kinapoongezwa mwendo. Ukikanyaga mafuta, si nguvu yote inayofika kwenye matairi. Nyingine inaishia kuzungusha kranki yenyewe, flaiwili (lile gurudumu zito la nyuma ya kranki), puli, alteneta inayochaji betri, na vyote vilivyofungwa kwenye mkanda. Vikiwa vyepesi, nguvu hiyo inayoishia njiani inapungua. Wauzaji wakisema hivyo wanasema kweli. Ila shikeni hapo niliposema "pale kinapoongezwa mwendo". Gari likishatulia kwenye kasi moja barabarani, puli nzito na puli nyepesi ya ukubwa uleule hazina tofauti kwa injini. Anayekuahidi kwamba puli nyepesi itakupunguzia sana mafuta kwenye safari ndefu anakuuzia kitu ambacho hakimo kwenye puli ile.

Tupige hesabu, maana hapa ndipo mabishano mengi yanapokwisha. Tuchukulie puli zote mbili ni sahani ngumu zenye nusu kipenyo cha sentimita 7.5. Injini ikipanda kutoka mizunguko 2,000 hadi 6,000 kwa dakika, puli nyepesi inaokoa takriban jouli 890. Kwenye gia ya kwanza, ukipanda hivyo kwa sekunde mbili, umeokoa wati 445 hivi, yaani nguvu za farasi 0.6. Kwenye gia ya tatu, ikichukua sekunde sita, ni 0.2 tu.

Kuna njia nyingine ya kuliona jambo hilohilo, na mimi naipenda zaidi. Chukua gari ambalo gia ya kwanza pamoja na difu, yaani gia za mwisho kabla ya matairi, inapunguza mwendo mara 14, na tairi lina nusu kipenyo cha sentimita 30. Kwenye gia hiyo, kuondoa zile kilo 1.8 za puli ni sawa na kushusha mzigo wa kilo 11 kwenye gari. Kwenye gia ya tano, ambako mwendo unapunguzwa mara 3.2 hivi, ni sawa na kushusha nusu kilo na ushei. Kwa hiyo anayesema amehisi tofauti akiondoka kwenye taa hadanganyi. Akisema ameihisi kwenye gia ya tano, hapo nitamwomba arudie kupima.

Mbona faida ni ndogo namna hii? Kwa sababu uzito wa kitu kinachozunguka hauhesabiwi kwa kilo peke yake, bali pia kwa umbali wake kutoka katikati, na umbali huo unazidishwa kwa wenyewe. Flaiwili ya kilo 8 yenye nusu kipenyo cha sentimita 14 ina ukaidi wa kuzungushwa mara 15 kuliko ule tuliouondoa kwenye puli. Mtu anayetaka injini ichanganye haraka kweli, pa kuangalia ni huko nyuma kwenye flaiwili, na huko nako kuna mazungumzo yake.

Na zile karatasi za vipimo zinazoonyesha nguvu imeongezeka? Mashine nyingi za kupimia hupima gari likiwa linaongeza mwendo, kwa hiyo zinaliona punguzo la uzito kana kwamba ni nguvu mpya. Injini yenyewe haijazalisha chochote cha zaidi. Tena gari lilelile ukilipima mara mbili mfululizo, joto la injini na la hewa likibadilika kidogo, tofauti inaweza kuizidi hiyo nusu farasi.

Kabla sijaenda kwenye jambo lililonileta, nitenganishe vitu viwili vinavyochanganywa sana. Kuna puli nyepesi, na kuna puli ndogo. Puli ya kranki iliyo ndogo kuliko ya awali inapunguza mwendo wa alteneta, pampu ya maji, pampu ya stelingi na kompresa ya kiyoyozi. Hii inaokoa nguvu wakati wote, hata kasi ikiwa imetulia, na hasa injini ikiwa juu. Nguvu inayoliwa na pampu ya maji hupanda kama kasi mara kasi mara kasi: ukiipunguzia mwendo kwa asilimia 20, inakula karibu nusu tu ya ilichokuwa inakula.

Lakini pampu haikuwekwa kwa pambo. Ukikaa kwenye foleni jua kali, kiyoyozi kimewashwa, taa zimewashwa, feni ya rejeta inazunguka, injini iko kwenye mizunguko 800. Hapo alteneta tayari inatoa sehemu tu ya uwezo wake. Ipunguzie tena asilimia 20, betri ndiyo itakayofidia, kila siku kidogo kidogo, hadi asubuhi moja gari haliwaki. Sindano ya joto nayo inapanda, stelingi inakuwa nzito unapoegesha. Gari la mashindano halikai foleni, kwa hiyo huko puli ndogo ina mantiki. Na magari mengi ya siku hizi yana stelingi ya umeme, mengine hata pampu ya maji ni ya umeme, kwa hiyo cha kuokoa kimeshapungua tangu kiwandani.

Sasa turudi kwenye hii nyeusi. Nani anayo? Igeuze ubavu, tafadhali. Mnaona duara jeusi jembamba kati ya kitovu na ukingo wa nje? Ule ni mpira. Hii si puli tu. Ni dampa, yaani kitulizo cha mtikisiko wa kranki. Kitovu kimefungwa kwenye kranki, pete ya nje ina uzito wake, na katikati yao kuna mpira unaoiruhusu pete icheze kidogo sana mbele na nyuma.

Kazi yake ni ipi? Kranki mnayoijua ni chuma kizito, kigumu, lakini kila silinda inapowaka, pistoni inaipiga na kuisokota. Pigo likipita, inajifyatua na kurudi, ikapitiliza, ikarudi tena. Injini ya silinda nne ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, kranki inapokea mapigo 200 kila sekunde. Na kama kilivyo chuma chochote, kranki ina mtikisiko wake wa asili. Mapigo yakienda sambamba na mtikisiko huo, msokoto unakua, kama bembea inayosukumwa kila mara kwa wakati wake. Pete ya nje ya dampa imepimwa uzito, na mpira umepimwa ulaini, ili viyumbe kinyume na msokoto ule na kuugeuza kuwa joto dogo ndani ya mpira.

Ujuzi huu haukupatikana bure. Mwanzoni mwa karne ya 20, injini za silinda sita zilipoanza kutengenezwa, kranki zao ndefu zilikuwa zinatikisika vibaya na kuvunjika, na Frederick Lanchester wa Uingereza ni mmoja wa wahandisi waliotoa dawa kwa kubuni dampa ya kranki. Leo tunaichomoa kwa spana nusu saa, tunaweka hii inayong'aa, tunafurahia nusu farasi.

Hili linaniuma, nasema wazi, kwa sababu madhara yake hayaji siku hiyo. Gari litawaka, litachanganya vizuri, mwenyewe atasimulia. Msokoto unafanya kazi yake polepole. Bolti za flaiwili zinaanza kulegea. Gia za pampu ya oili, kwenye injini ambazo pampu inaendeshwa moja kwa moja na ncha ya mbele ya kranki, zinapata ufa. Kranki yenyewe inaanza kupasuka kwenye kona, pale shingo inayokaa beringi inapokutana na bega lake, mstari mwembamba kama unywele. Pampu ikivunjika, oili haipandi, na beringi zinaungua kabla hujapata pa kuegesha. Hapo fundi atalaumu oili, au beringi, na ile puli itabaki inang'aa mbele ya injini bila kuulizwa swali.

Utaambiwa: "Kranki imebalansiwa, dampa ya nini?" Hivyo ni vitu viwili. Balansi inahusu uzito kugawanyika sawa kuzunguka mhimili. Msokoto unatokana na mapigo ya moto. Kranki iliyobalansiwa kikamilifu bado inasokoteka. Na kuna injini ambazo sehemu ya uzito wa balansi imewekwa kwenye dampa yenyewe. Ukiiondoa hiyo umepoteza vyote viwili.

Utaambiwa pia mpira ule ni wa kupunguza kelele tu. Kwa baadhi ya injini fupi za silinda nne kuna ukweli ndani yake, na yapo magari yanayotembea miaka na puli nyepesi bila tatizo. Zipo hata injini zinazotoka kiwandani na puli ngumu isiyo na mpira kabisa. Kwa hizo, puli nyepesi haiondoi kinga yoyote, na mimi sina ugomvi nayo. Lakini injini yako ikija na mpira, aliyeweka mpira ule alilipia gharama yake kwa kila gari, na hakufanya hivyo kwa kupenda. Kwa silinda sita za mstari mmoja, sibishani hata na mtu. Dizeli pia, ambazo mapigo yake ni makali zaidi: acheni kabisa.

Kama hamu ya kupunguza uzito haijakutoka, gusa puli za alteneta na pampu ya maji, uache ya kranki. Faida itakuwa ndogo zaidi, kwa sababu puli hizo ni ndogo na rota ya alteneta, ile sehemu inayozunguka ndani yake, ni nzito kuliko puli yake, lakini kranki itabaki na kinga yake. Chunguza kwanza puli ya alteneta: nyingi za sasa zina klachi ndani yake inayoiacha alteneta izunguke huru injini inaposhuka ghafla. Ukiweka ngumu badala yake, mkanda utaanza kupiga kelele na kurukaruka. Kumbuka pia kwamba alumini ni laini. Vumbi na mchanga vinakula mifereji ya mkanda haraka kuliko kwenye chuma, isipokuwa uso wake umetiwa dawa ya kuupa ugumu.

Dada yangu pale mbele ameuliza: gari lake ni la zamani, dampa ni ileile ya kiwandani, ajuaje kama bado nzima? Swali zuri sana. Mpira unazeeka. Unakauka, unapasuka, ukinyweshwa oili unavimba. Zima injini, chukua rangi nyeupe, piga mstari mmoja ulionyooka kutoka kwenye kitovu, upite juu ya mpira, hadi ukingoni. Tumia gari kama kawaida kwa wiki chache, kisha uangalie. Mstari ukiwa umekatika, nusu ya nje haiko tena sambamba na nusu ya ndani, basi pete imeteleza: haizuii msokoto tena, na hata alama za taimingi zilizo juu yake, zile za kupangia wakati wa injini kuwaka, zinadanganya. Ibadilishe kwa dampa mpya ya injini hiyohiyo, na bolti yake ikazwe kwa spana ya kipimo kama kitabu cha gari kinavyosema. Kwenye baadhi ya injini bolti hiyo moja ndiyo inayoshikilia hata gia ya taimingi, bila kabari yoyote.