Filamu Zinazoosha Chumvi Yetu

(Mhadhara uliotolewa Ujiji, Kigoma, kabla ya onyesho la jioni)

Wazee wangu wa Ujiji, akina mama, na nyinyi vijana mliokuja kwa sababu mmesikia kuna sinema ya mamba: karibuni. Mamba yupo, lakini mtanivumilia kwanza.

Watu hulalamika kwamba filamu za wageni kuhusu kwetu zinatia chumvi. Mimi leo nalalamikia kinyume chake. Zinaiosha. Sisi ni majirani wa Uvinza, chumvi hatusimuliwi. Jambo likitokea ziwani hapa huwa limeshakolea lenyewe. Anakuja mtu na kamera, analisuuza maji matatu, analirudisha chapwa, kisha anatudai kiingilio.

Nani humu ameiona The African Queen ya mwaka 1951? Mikono juu. Mmoja. Mwalimu, nilijua tu ni wewe.

Huko kwao ni filamu kubwa, Humphrey Bogart alipata Oscar yake pekee humo. Hapa, walikoazima meli, haina habari. Kisa chake: mlevi mwenye boti bovu na dada wa misheni wanashuka mto, wamegeuza mitungi ya oksijeni kuwa mabomu, wanataka kuzamisha manowari ya Wajerumani ziwani. Wanakamatwa. Nahodha Mjerumani anakubali kuwafungisha ndoa kwanza ndipo awanyonge, maana hata kunyonga kuna utaratibu wake. Mara manowari inaligonga lile boti lililopinduka, mabomu yanalipuka, meli chini, maharusi wanaogelea. Mwisho.

Manowari hiyo ilitungwa kwa kuitazama meli yetu ya Liemba, enzi hizo ikiitwa Graf von Götzen. Sasa sikieni yenyewe ilivyokuwa. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ikafunguliwa ikawa vipande, ikajaza maelfu ya masanduku, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, ikapanda treni, ikaungwa upya hapahapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Julai 1916 mambo yakawageukia Wajerumani, ikabidi wakimbie. Wakafanyaje? Mafundi waliipaka mitambo grisi, wakaipaka haswa, halafu wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Yaani mtu anaizamisha meli huku anaogopa isije ikapata kutu! Walikuwa na nia ya kuirudia. Hawakurudi. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, wakakuta mitambo bado inafaa, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Imebeba abiria, imebeba dagaa, imebeba wakimbizi, na waliotengeneza filamu ya kuilipua wamekufa wakaiacha.

Kati ya grisi na baruti, wao walichagua baruti. Msimulizi akiishiwa, hulipua kitu.

Ya pili nitaipitia mbio, ila nyuma yake kuna jambo sitalipitia mbio. Stanley and Livingstone, 1939. Stanley, yule mwandishi wa gazeti aliyekuja kumtafuta mmisionari Livingstone, ni Spencer Tracy, ambaye Afrika hakukanyaga. Walitumwa wengine kuja kupiga picha za pori, yeye akabaki Marekani anatembea mbele yake. Wakampa na msichana wa kumpenda, maana safari ya miguu kutoka pwani mpaka Ujiji bila msichana haiuziki.

Kukutana kwao hapa mwaka 1871 mnakujua. Masanamu yao yako pale makumbusho, wameinua kofia, wanasalimiana hawachoki. Dunia nzima imeshikilia salamu ya Stanley: "Daktari Livingstone, nadhani?" Lakini kurasa za shajara yake za tukio hilo zimechanwa. Zimechanwa! Hakimu wa mahakama ya mwanzo, hata awe mgeni kazini, ana swali moja hapo. Na kwa maandishi ya Stanley mwenyewe, kabla hajamwona daktari alikimbiliwa na mtumishi wake, Abdullah Susi, akasalimiwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo hata salamu ya kwanza si yake.

Huyo Susi ndiye filamu. Livingstone alifariki mwaka 1873 kwa Chitambo, Zambia ya leo. Susi, mtumishi mwenzake Chuma, na wenzao wakaamua mzee arudishwe kwao. Moyo wakauzika chini ya mti. Mwili wakautia chumvi, na hapa nasema chumvi ya kweli ya kulia ugali, wakauanika juani wiki mbili, wakaufunga kwa gome la mti, wakajitwika. Walipofika Unyanyembe, Tabora hapo, wakamkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia marehemu. Akawashauri wamzike palepale. Wakamsikiliza kwa adabu, wakakataa.

Mbele ya safari wakaambiwa wenyeji hawataki maiti ipite kwao. Basi wakakata mabua, wakayafunga kwa nguo mpaka yakawa na umbo la mtu, wakatangaza: haya, tumeshindwa, tunamrudisha Unyanyembe akazikwe. Kikosi kikatoka na mzigo, nyuso za msiba. Usiku ulipoingia wakayatupa mabua porini, wakazunguka, wakarudi kwa wenzao. Livingstone mwenyewe alikuwa ameshafungwa upya kama robota la nguo, anapita njiani kama bidhaa. Februari 1874 wakafika Bagamoyo.

Maiti, magendo, mazishi ya mabua, na ofisa anayeshauri bila kusikilizwa. Mnataka nini tena? Filamu hiyo ya 1939 ilikuwa na jirani tajiri namna hii, ikaenda kukopa mahaba.

Mambo ya magazetini nayo, haraka, maana naona mtu wa projekta ananiangalia vibaya.

Kolombia kuna viboko. Pablo Escobar, yule wa kokeini, aliingiza wanne miaka ya 1980 kwenye bustani yake ya wanyama. Aliuawa mwaka 1993, viboko wakabaki, wakazaana mpaka kupita mia. Mwaka 2021 mahakama moja ya Marekani, jimbo la Ohio, iliwatambua kama wahusika wenye maslahi, ili mawakili wao waweze kuchukua ushahidi wa wataalamu. Viboko ambao Ohio hawajaiona. Kiboko wa Malagarasi akiingia kwenye mpunga wa mtu hana wakili, na mwenye mpunga naye hana. Habari hiyo nimeisoma mara kadhaa nikitafuta pa kuongeza utani. Hapana nafasi.

Halafu Ronin, panya buku aliyefundishwa na APOPO, lile shirika la Morogoro linalofundisha panya kunusa mabomu. Yuko Kambodia, ana rekodi ya Guinness ya mwaka 2025: amenusa mabomu 109 ya ardhini. Nyumbani tunamwekea mtego.

Na sisi wenyewe mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, tulilipatia ziwa likizo ya miezi mitatu. Uvuvi marufuku, samaki wapumzike wazaane. Mwalo wa Kibirizi ukanyamaza, karabai zikalala ndani, na kwenye magenge dagaa wakaheshimiwa kuliko kuku. Hakuna mtengeneza filamu atakayeigusa hiyo. Atauliza: adui ni nani?

Sasa mamba. Jioni hii tunaonyesha Primeval, ya mwaka 2007. Ni habari ya Gustave, yule mamba wa Ruzizi na ziwa letu hili upande wa Burundi. Marekani waliitangaza kama filamu ya muuaji wa kutisha, mamba wakamficha. Watu wakalipa kumwona mhalifu, wakaletewa mnyama. Wameipiga Afrika Kusini. Mamba ni wa kompyuta na nchi kavu anakimbia kama bodaboda ya Mwanga. Na kama vile mamba wa mita sita hatoshi, wameongeza mbabe wa vita anayeitwa Gustave Mdogo.

Gustave wa kweli alipewa jina na Mfaransa mmoja, Patrice Faye, aliyemfuatilia miaka mingi. Iko filamu ya hali halisi ya mwaka 2004 inayomwonyesha Faye na wenzake wakiunda zizi la chuma, urefu karibu mita tisa. Wakatia chambo, mamba hana habari. Mwisho wakaweka mbuzi hai. Usiku huo ikapiga dhoruba, kamera ikazima. Asubuhi zizi limezama nusu, mbuzi hayupo. Mamba wala hayumo. Mbuzi tu ndiye hayupo! Inawezekana kamla, inawezekana mbuzi kajinasua, na sisi watu wa huku tunajua uwezekano wa tatu, kwamba kuna binadamu alikula pilau.

Kwa hiyo jioni hii hatukai kimya. Tutafanya kama kwenye vibanda umiza enzi za Lufufu, yule mtafsiri wa filamu: sauti ya Kiingereza inazimwa, mtu anashika kipaza sauti, anatutafsiria na kuongeza kilichosahauliwa. Mbabe wa vita keshapata msemaji, kijana wa Gungu yule. Wale watu wa televisheni waliomo kwenye filamu watasemewa na Mwalimu. Nimebakiwa na mamba. Mzee wangu pale nyuma, wewe uliyecheka kwenye mbuzi, sogea mbele.