Mirija ya Boston na Mafiga Matatu: Jinsi Wadhibiti Wanavyozitambua Kemikali Zinazovuruga Homoni

Mabibi na mabwana,

Mwishoni mwa miaka ya 1980, Ana Soto na Carlos Sonnenschein wa Chuo Kikuu cha Tufts, Boston, walikuwa wakichunguza seli za saratani ya matiti ambazo, katika mazingira waliyoziwekea, hazikupaswa kuongezeka bila kupewa estrojeni, homoni ya kike. Zikaongezeka. Walikagua kila kilichogusana na seli hizo, kimoja baada ya kingine, hadi wakafika kwenye mirija ya plastiki iliyohifadhi seramu, yaani majimaji ya damu ya kulishia seli: mtengenezaji alikuwa amebadili mchanganyiko wa plastiki hiyo, na sasa ilikuwa ikitoa nonilifenoli, kemikali ambayo hakuna aliyeitia humo ili ifanye kazi ya homoni. Matokeo yalichapishwa mwaka 1991.

Nimeanza na mirija ile kwa sababu kilichoonekana Boston kilikuwa dalili, na mdhibiti hahukumu kwa dalili peke yake. Kwa mujibu wa fasili ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2002, ambayo Umoja wa Ulaya umeijengea vigezo vyake, kemikali huhesabiwa kuwa kivurugaji cha homoni pale inapobadilisha utendaji wa mfumo wa homoni na, kwa sababu hiyo, ikamdhuru kiumbe mzima, au uzao wake, au kundi la viumbe. Hapo pana mafiga matatu: madhara, utendaji ndani ya mfumo wa homoni, na kiungo kinachoyafunga hayo mawili. Figa la tatu ndilo gumu kuliko yote.

Uchunguzi huanza mbali na mnyama. Programu za kompyuta hulinganisha umbo la molekuli na la kemikali zinazojulikana. Kisha seli zenye kipokezi, yaani protini inayopokea ujumbe wa homoni, cha estrojeni au cha androjeni (homoni za kiume) huwekewa kemikali inayochunguzwa, ili ionekane kama inakiamsha kipokezi au inakizuia. Jibu la seli huonyesha uwezekano tu, kwa kuwa seli haina ini la kuivunja kemikali wala figo za kuitoa.

Ndipo huja mnyama. Katika kipimo cha mji wa mimba, panya jike ambaye hajakomaa, au aliyeondolewa ovari, hupewa kemikali kwa siku 3 mfululizo au zaidi; saa 24 hivi baada ya dozi ya mwisho, mji wake wa mimba hutolewa, husafishwa mafuta na tishu zilizoung'ang'ania, kisha huwekwa kwenye mizani. Kwa kuwa mwili wake hauna estrojeni ya kutosha, mji wa mimba ukiongezeka uzito, kinachoshukiwa ni kile alichopewa. Kwa tezi dundumio, ile ya shingoni, hutumika viluwiluwi wa chura aina ya Xenopus laevis, kwa siku 21. Kiluwiluwi hageuki kuwa chura bila homoni za tezi hiyo, kwa hiyo urefu wa miguu yake ya nyuma hupimwa, na tezi yenyewe hukatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini. Mimi nakipenda kipimo hiki, maana mguu uliochelewa kuota huonekana hata kwa asiye mtaalamu.

Hata hivyo, mnyama aliyelemewa na sumu hupungua uzito, na uzazi wake huyumba hata kama kemikali haikuzigusa homoni moja kwa moja. Mdhibiti hulazimika kuutenga mdhoofiko huo na uvurugaji wenyewe, akiusoma ushahidi wote kwa pamoja: seli, panya, samaki, na tafiti za watu. Sheria ya Ulaya haimdai uhakika kamili, bali kiungo kinachokubalika kibiolojia, na mabishano mengi hutokea hapohapo.

Bisfenoli A, kemikali ya kutengenezea plastiki, ni mfano mzuri, na wa kusikitisha kidogo. Mwanasayansi Mwingereza Charles Dodds alionyesha mwaka 1936 kwamba inaiga estrojeni. Umoja wa Ulaya uliitambua rasmi kuwa kivurugaji cha homoni za binadamu mwaka 2017. Nchini Marekani, Bunge liliagiza mwaka 1996 uwepo mpango wa kuchunguza kemikali zinazovuruga homoni, na matokeo ya hatua ya kwanza, ya kemikali 52 tu, yalitoka mwaka 2015.

Tukumbuke pia kwamba kinachohukumiwa ni kemikali, ilhali kinachoshikwa mkononi ni chombo. Ili kuviunganisha, maabara huichovya plastiki katika vimiminika vinavyoiga chakula, kama vile asidi ya asetiki ya asilimia 3 au mafuta ya mimea, kwa muda na joto lililowekwa, mathalani siku 10 kwa nyuzi 40 za Selsiasi, kisha hupima kilichohama. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishusha kiwango cha bisfenoli A kinachovumilika kwa siku hadi nanogramu 0.2 (nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu) kwa kila kilo ya uzito wa mwili, yaani mara 20,000 chini ya kile cha awali.

Wakati huohuo, bisfenoli S, kemikali ya ukoo uleule, ilikuwa imekwisha kushika nafasi ya A katika karatasi nyingi za risiti, na mwaka 2023 nayo ikaingizwa katika orodha ya Ulaya ya kemikali zenye kutia wasiwasi mkubwa. Kufuata ndugu mmoja baada ya mwingine kwa namna hii hakuna mwisho. Ndiyo maana mwaka 2022 wakala wa kemikali wa Ulaya uliziweka mezani bisfenoli 148 kwa mkupuo mmoja, ukapendekeza zaidi ya 30 kati yake ziwekewe vizuizi.